Chujio la Pombe Kichwani kwa Mwami

Ziwa lilipopanda likaingia katika nyumba za chini za Nyamianda, mtaa wetu wa ufukweni, lilituachia tope la magotini, ndagala, wale dagaa wetu, waliokufa chini ya kitanda changu, na vitabu vya mjukuu wangu vimevimba kama mikate. Mjukuu wangu anasoma sekondari. Maji yalipoondoka alivitandaza vitabu vyote juu ya bati lililong'oka, akawa anavigeuza juani kama mtu anayeanika muhogo. Kimoja kilikuwa cha karatasi za kung'aa. Karatasi ya namna hiyo ikilowa halafu ikapigwa na jua, inatoa harufu ya gundi na udongo, kama chungu kipya kilichomwagiwa maji mara ya kwanza. Nilikuwa nimeinama mlangoni nakwangua tope. Harufu ile ikaniingia puani, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimekirusha kitabu cha mtoto mpaka kwenye mtaro.

"Koko! Kitabu kimekukosea nini?" mjukuu akaniuliza mimi nyanya yake.

"Hiki hakijanikosea. Okota."

Nilimsaidia kukifuta, nikamwomba radhi, maana mtoto hana kosa. Lakini hasira haikuondoka. Nina wajukuu tisa, nina nywele nyeupe, nimezika mume na wadogo zangu wawili, na bado kitabu kimoja cha utotoni kinanikaba koo. Basi nimeamua kukitapika.

Mimi nilisoma miaka sita tu. Mkono wangu unaandika kama kuku anayeparura, lakini mstari ukiisha unasomeka. Ninawaandikia ninyi wa rika langu, mliokaa kwenye viti vya mbao vya misioni mkinuka mawese, mkaambiwa nyoosheni mikono mbele tuone kucha. Ninyi mtaelewa bila kuelezwa mara mbili.

Nililelewa Lubarika, kijiji cha bondeni, na nyanya yangu, mama ya mama yangu. Mama aliolewa mara ya pili ng'ambo ya mto Ruzizi, akaniacha kwa Koko, na sikupungukiwa kitu. Koko alikuwa mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali na mkono wa kushoto. Huo mkono wa kushoto ndio uliotulisha. Alisuka machujio ya pombe.

Nieleze vizuri, maana siku hizi watu wanachuja pombe kwa kipande cha chandarua, na wanakunywa bila haya. Chujio letu lilikuwa na kimo cha mkono mpaka kiwiko, limechongoka chini, limefunguka juu. Koko alipasua matete kwa meno, akayaloweka mtoni, akaanzia kwenye ncha akazunguka akipanda mpaka mdomoni, na kule mdomoni akaacha kamba tatu. Kwa kamba hizo unalitundika juu ya chungu, unamimina pombe ya mtama, machicha yanabaki ndani, pombe safi inadondoka. Kazi ikiisha unaliosha, unaligeuza, unalivika juu ya mti wa ua, ncha juu, mdomo chini, likauke. Kila ua wa kwetu ulikuwa na mti wa kazi hiyo. Ukimaliza kuchuja na jirani ana pombe yake, anakuja kuliazima, kesho analirudisha limeoshwa. Hakuna aliyenyimwa.

Na kulikuwa na kosa moja ambalo mtoto hakusamehewa: kulivaa kichwani. Nilijaribu mara moja, nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Koko alinichapa kwa mwiko mpaka mwiko ukakatika. "Unataka batu bakunywe chawa yako?" Sikurudia tena.

Shule yetu ilikuwa ya misioni, ya wasichana, mwendo wa saa nzima kwa miguu katikati ya mashamba ya pamba. Aliyetufundisha mwaka wa sita alikuwa bwana mmoja mrefu, mwenye pensili sikioni hata siku ya misa. Tulimwita Krayo, yaani Pensili, yeye akiwa hayupo. Krayo naye hakuhangaika na majina yetu. Alituita kwa vijiji tulivyotoka. Mimi nilikuwa Lubarika. Rafiki yangu wa kiti kimoja alikuwa Luvungi, binti wa mwenye duka dogo la chumvi na sabuni. Kama mnatoka kijiji kimoja wawili, basi Lubarika Kubwa na Lubarika Ndogo.

Kitabu kiliachwa na padri mzee aliyerudi kwao. Kilikuwa kizito kama mtoto wa miezi mitatu, cha Kifaransa, na ndani mlikuwa na sanaa ya dunia nzima, tangu watu wa mapangoni mpaka majengo ya vioo. Kulikuwa na kimoja tu. Kila Jumamosi asubuhi Krayo alikileta amekibeba kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kiti kilichofunikwa kikwembe safi. Tulinawa mikono kwenye beseni, tukajipanga. Alifungua ukurasa mmoja. Tulipita mbele yake mmoja mmoja, tukihesabu mpaka kumi kimoyomoyo, halafu unaondoka, anaingia mwingine. Hesabu kumi, ndiyo hiyo sehemu yako ya juma zima. Baadaye aliandika kwenye tablo, ule ubao mweusi: hiki ni kitu gani, kimetoka wapi, nani alikifanya. Tukanakili kwenye kaye, daftari zetu. Mambo matatu, kila ukurasa.

Nilikipenda kitabu kile mpaka nikakiota. Siwezi kusema uongo juu ya hilo. Nilihesabu kumi yangu pole pole kuliko wote, wenzangu wakinisukuma mgongoni. Niliona watakatifu wa Ulaya wenye duara la dhahabu nyuma ya kichwa, nikadhani kila mtakatifu alitembea na ungo wake, kwamba huko watu wa Mungu walikuwa wapepetaji wa mpunga kama sisi. Niliona watu wa mawe meupe wasio na mikono wala vichwa, nikamhurumia sana aliyewachonga. Nilifikiri mvua ilimkuta kabla hajamaliza. Wale walio uchi padri alikuwa amewabandika vipande vya karatasi kiunoni kwa gundi ya uji, na mende walipenda gundi ile, kwa hiyo kila mwezi watu wa mawe walizidi kuvuliwa nguo na mende. Tulicheka tukafukuzwa nje.

Lakini kitu kilichonishika zaidi kilikuwa lile jambo la tatu. Nani alikifanya. Chini ya kila picha kulikuwa na jina. Mtu alichora tufaha na kisu juu ya meza, basi, na jina lake likaandikwa. Mwingine alichonga mlango, jina. Mwingine alipaka bakuli rangi ya bluu, jina, na mji aliozaliwa. Nilikuwa narudi nyumbani nikimwambia Koko: "Unajua fundi wa bakuli la bluu anaitwaje?" Koko, meno yake yakiwa na tete, anaitika: "Mmh. Na aliyeosha bakuli?"

Krayo aliniona. Sina budi kusema hivyo pia. "Weye, Lubarika, una kichwa," aliniambia mbele ya wote. Mwaka ukielekea kwisha, masere mkubwa, mtawa wa Kizungu aliyeongoza shule, aliingia darasani akatangaza: misioni itachukua msichana mmoja, mmoja tu, impeleke shule ya kulala kule Bukavu akatoke mwalimu. Chakula, nguo, vitabu, vyote juu yao. Mitihani ya kuandika kwanza, halafu mtihani wa mdomo mbele ya enspekteri, mkaguzi wa shule, na mtihani huo utakuwa juu ya kitabu kile, kwa sababu masere alijivunia kwamba watoto wa bonde wanajua sanaa ya dunia.

Tulibaki wawili tulio juu: Luvungi na mimi. Luvungi baba yake angeweza kumsomesha hata bila misioni. Mimi, kama si mlango ule, hakukuwa na mlango. Koko alilijua hilo kuliko mimi. Alikata kikwembe chake cha harusi akanishonea mfuko wa kusafiria. Kisimani aliwaambia wanawake, bila kuulizwa: "Huyu ataandika kwenye tablo, ninyi mtabaki kunyoa mbuzi." Walimchukia, na yeye akafurahi.

Ukurasa wetu ulikuja Jumamosi ya mwisho. Ulikuwa mwishoni kabisa mwa kitabu, baada ya nchi zote. Mwenzangu mmoja alinung'unika, mbona sisi wa mwisho. Nilimwambia, kwa kujiamini kabisa, kwamba wageni ndio wanaokula kwanza. Mwenye nyumba anakula mwisho. Niliamini hivyo. Niliamini kwamba kitabu kizima ni karamu tuliyowaandalia wengine, na sasa tunakaa wenyewe.

Nikafika mbele ya kiti. Moja, mbili. Ukurasa na nusu kwa ajili ya Waafrika wote. Sanamu mbili, kinyago kimoja, na pembeni, juu ya kigingi cheusi, chujio la pombe.

Niliacha kuhesabu.

Lilikuwa limegeuzwa, ncha juu, mdomo chini, kamba tatu zimening'inia. Limepigwa picha kwa taa nzuri, linang'aa. Nilicheka kwa furaha, nikageuka kwa wenzangu: "Muone, batu! Chujio ya kwetu!"

"Lubarika," Krayo akasema, "rudi nafasi yako."

Halafu akaandika kwenye tablo. Kofia ya mwami. Bonde la kaskazini mwa ziwa. Aliyeifanya hajulikani. Akaeleza kwamba zile kamba tatu mwami, mfalme wa kwetu, alizifunga chini ya kidevu asipoteze kofia kwenye upepo.

Nikanyoosha kidole. "Mwalimu, haiko kofia. Iko chujio ya pombe. Koko yangu anazisuka. Ile kamba ni ya kutundika."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mmoja akapiga kelele: "Mwami analewa kwa kichwa!" Mwingine: "Machicha inamutokea kwa masikio!" Nami nilicheka, nikidhani Krayo atacheka. Kwetu mtu akikosea jina la kitu unamwambia, anashukuru, mnaendelea.

Krayo hakucheka. Alinijia taratibu mpaka kwenye kiti changu.

"Kitabu kimeandikwa Bulaya, na wenye elimu. Weye umeandikwa wapi?"

Akachomoa pensili sikioni, akagonga kaye yangu.

"Andika. Kofia ya mwami."

"Lakini mwalimu, kule nyumbani..."

"Kule nyumbani munalala na mbuzi. Andika."

Sikuandika. Kaye yangu ilibaki nyeupe. Jumatatu akaniuliza tena mbele ya wote, nikasema chujio. Jumanne, chujio. Jumatano akanipa karatasi niipeleke nyumbani: mlezi aje.

Wakati ule, kumbukeni, redio ilikuwa inapiga kelele asubuhi mpaka jioni turudi kwenye asili yetu, tutupe majina ya Kizungu, tuvae vya kwetu. Krayo mwenyewe alikuwa ametupa jina lake la ubatizo. Asubuhi anatuimbisha asili, saa nne ananilazimisha nimvishe mwami chujio. Wazungu hawakuwepo chumbani mle. Tulikuwa sisi kwa sisi. Hapo ndipo damu yangu inapochemka hata leo.

Koko aliposikia habari alicheka mpaka akakaa chini. "Mwami gani huyo? Alikosa mutu wa kumwambia?" Kesho yake alioga, akavaa kikwembe kizuri, akachukua chujio jipya kabisa, akalifunga ndani ya kitambaa, akaliweka kwapani. Njia nzima nilirukaruka mbele yake kama mwana-mbuzi. Niliona tayari vile litakavyokuwa: Koko anafungua kitambaa, anamimina pombe, Krayo anaomba radhi, masere anaandika barua Ulaya wasahihishe.

Ofisini mlikuwa na masere mkubwa nyuma ya meza, Krayo amesimama, na kitabu kimefunguliwa. Masere alijua Kiswahili vizuri. Alizungumza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi.

"Mama, huyu mtoto ana akili. Tunataka kumusaidia. Lakini kule Bukavu hawapokei mtoto mwenye kubisha walimu. Mwalimu anasema hii ni kofia. Mtoto anasema ni chujio. Weye unasema je?"

Koko aliinama juu ya kitabu. Alikaa hivyo muda mrefu, muda wa hesabu kumi yangu mara tatu au nne. Nikaona kidole chake cha mkono wa kushoto kinagusa picha, mahali pamoja karibu na ukingo, kinapasugua kidogo kama mtu anayefuta vumbi. Nikangoja afungue kitambaa.

Akajinyoosha. Hakunitazama.

"Iko kofia," akasema.

"Koko!"

"Nyamaza. Mwalimu amesema kofia. Ni kofia. Nilipokuwa mutoto nilimwona mwami anaivaa."

Krayo akashusha pumzi. Masere akatabasamu, akamshukuru, akampa mkono. Kifurushi kilibaki kwapani kwake muda wote, na alipokuwa anatoka alikibana zaidi, kama mtu anayeficha kitu alichoiba.

Nilimfuata nikilia kwa hasira. Tulipofika kwenye pamba, mahali ambapo shule haisikii, nikapasuka.

"Umesema uwongo! Weye Koko, unanichapa nikisema uwongo!"

"Nimesema. Na?"

"Mbele ya Krayo! Umenifanya mujinga!"

Alisimama. Akaniweka kifurushi mikononi. "Hii itakupeleka Bukavu? Jibu. Chujio itakupeleka Bukavu?"

"Hapana."

"Kofia itakupeleka. Basi ni kofia."

Tukatembea. Baadaye, bila kunitazama, akasema lile neno ambalo nimelibeba mpaka nywele zimekuwa nyeupe. "Ile ya kwa kitabu ni ya mama yangu."

Alisema alilitambua chujio kwa kiraka. Akiwa mdogo alilitoboa kwa kijiti karibu na ukingo, akichezea, na mama yake akaliziba kwa nyuzi za mgomba, kiraka cha upande upande, kwa sababu naye alikuwa wa mkono wa kushoto. Siku moja akaja mzungu wa kupima mashamba. Aliomba maji, akapewa. Chujio lilikuwa juu ya mti wa ua, linakauka. Mzungu akalishika, akalitazama, akasema maneno, hakuna aliyeyaelewa. Akaondoka nalo.

"Hamukumukataza?"

"Kumukataza juu ya nini? Mama alifikiri anaazima. Alisema, huyu ana pombe yake kule kambini, atachuja, ataleta." Koko akatema mate pembeni. "Akangojea. Batu bakamwambia, Nyandwi, suka ingine. Akasema hapana, ile yangu inarudi. Mavuno mbili alichujia kwa chujio ya majirani. Aliona haya kusuka, sawa vile angemutukana mugeni."

Nyandwi. Ndivyo alivyoitwa, kwa sababu alizaliwa wa saba. Sikuwahi kulisikia jina lake kabla ya siku ile. Kwetu nyanya ni Koko na mama ya nyanya ni Koko mukubwa, basi.

Siku zilizobaki Koko alinifundisha uongo kama alivyonifundisha kusuka, bila huruma. Yeye anasuka, mimi nachambua mtama.

"Iko nini?"

"Kofia ya mwami."

"Imetoka wapi?"

"Bonde la kaskazini mwa ziwa."

"Nani aliifanya?"

"Hajulikani."

Kila nilipofika kwenye neno hilo la mwisho, mkono wake wa kushoto ulisimama. Kidogo tu, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Halafu unaendelea. "Tena," anasema. Tunaanza tena. Alikuwa binti wa Nyandwi, ameketi na matete ya Nyandwi mapajani, ananifundisha kusema hajulikani. Nani alimtia mwanamke yule katika fedheha ile? Nitajeni mtu mmoja nimchukie nipumzike. Siwezi. Ni wengi mno, na wengine walikuwa wema kwangu.

Siku ya mtihani wa mdomo wazazi walisimama nje kwenye madirisha. Koko alikuwa amesimama dirisha la kwanza, mfuko wa kikwembe umeshajazwa, uko begani. Enspekteri, aliyeketi mezani pamoja na masere, alikuwa mtu wa kwetu, mweusi kama mimi, soksi nyeupe. Luvungi alianza. Akafunguliwa ukurasa wa kanisa kubwa la mawe, akasema vizuri sana, jina la kila nguzo. Wakampigia makofi.

Mimi nikaitwa. Krayo mwenyewe ndiye aliyefungua ukurasa, na alikuwa ameweka utepe tayari. Akanitazama. Wakati ule niliona uadui machoni pake. Sasa nimezeeka, nafikiri alikuwa ananiomba. Alinipa ukurasa nilioujua kuliko yote, nijisafishe, tumalize.

"Hiki ni nini?" enspekteri akauliza.

Nikamtazama Koko dirishani. Alitikisa kichwa, ndiyo.

"Ni kofia ya mwami," nikasema.

Ilitoka. Haikuniua. Krayo alifumba macho kwa shukrani.

"Imetoka wapi?"

"Bonde la kaskazini mwa ziwa."

"Vizuri sana. Na nani aliifanya?"

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa pale juu ya ulimi, nililisema mara mia. Nikaona kiraka kwenye picha, nyuzi za upande upande. Nikaona yule mwanamke nisiyemjua akimngoja mzungu amrudishie chujio, mavuno mawili. Tufaha lilikuwa na mwenyewe. Bakuli lilikuwa na mwenyewe.

"Nyandwi," nikasema.

"Nani?"

"Nyandwi wa Lubarika. Mama ya Koko yangu. Alikuwa wa mukono wa kushoto. Hii hapa ni kiraka alitia mwenyewe. Na haiko kofia! Iko chujio ya pombe, mulimwibia!"

Enspekteri alicheka kwanza, akidhani ni mchezo. Akamgeukia Krayo, akaona uso wa Krayo, akaacha kucheka. Masere alishika kalamu yake. Aliniuliza kwa upole ule ule, mara moja tu, kama nataka kujibu upya. Nikasema nimejibu. Nikamwona anapiga mstari juu ya jina langu, mstari mmoja mfupi, hata haukufanya sauti. Luvungi alikwenda Bukavu. Alikuwa na akili, sina neno naye.

Nilipotoka nje, watu walinipisha. Koko alikuwa ameshaondoka, yuko mbali kwenye njia ya pamba, mfuko wa kikwembe unampiga mgongoni. Nilikimbia nikamfikia. Hakugeuka. Nikatembea nyuma yake, sikuthubutu kumgusa. Tulipoivuka miti ya mwisho ya misioni, akageuka akanizaba kofi ambalo sikuwahi kupigwa kabla wala baada, nikaanguka juu ya pamba ya watu.

"Umeua Bukavu," akasema. "Umeua. Mikono yangu yote hii, umeua kwa neno moja."

Nilibaki chini. Nililia, lakini sikusema samahani, kwa sababu sikuwa nayo. Alisimama juu yangu akihema, na nilijua linakuja la pili, nikafunika uso.

Halikuja.

"Sema," akasema.

"Nini?"

"Vile ulimwambia ule wa soksi. Sema."

"Nyandwi," nikasema.

"Kwa nguvu."

"Nyandwi wa Lubarika!"

Alinishika mkono akaninyanyua, kwa ukali, vidole vyake vya matete vikiniumiza kifundo cha mkono. Hakuniachia. Akanivuta nyuma yake kama mbuzi mkaidi, na kila nilipopunguza mwendo alinitikisa mkono, "Tena," nami nikasema tena, nikilia, kamasi zikinichuruzika, mashavu yakiwaka moto, mpaka watu waliokuwa wanapalilia wakainua vichwa na kuuliza ni nani huyo anayeitwa.